Haki ya Mgala: Enoch Powell na Wafu wa Hola

Watu wa pwani walituachia methali ambayo siku hizi tunaitamka haraka bila kuisikiliza: Mgala muue na haki yake mpe. Mgala ni jina la zamani walilobandikwa Waoromo, jina ambalo wenyewe hawalipendi, na si ajabu. Hapa Kenya jamaa zao ni pamoja na Waorma, wafugaji wa Tana River. Hebu iangalie methali yenyewe vizuri. Haisemi Mgala ni ndugu yako. Haikuombi umpende wala umsamehe. Inakubali kwamba kuna uadui, tena uadui wa kuuana, kisha inakukumbusha kwamba hata huyo unayemuua ana haki yake mkononi mwako, na chuki yako haiifuti.

Methali hiyo inatufaa kumpimia mbunge mmoja wa Uingereza, Mhafidhina wa kupindukia, ambaye kwetu jina lake halitajwi sana, na likitajwa watu hukunja uso. Anaitwa John Enoch Powell. Duniani anakumbukwa kwa hotuba moja ya mwaka 1968 dhidi ya wahamiaji weusi na Waasia. Lakini miaka tisa kabla ya hapo, usiku wa kuamkia tarehe 28 Julai 1959, mtu huyuhuyo alisimama bungeni London akaidai haki ya watu 11 waliouawa kwa marungu katika kambi ya Hola, hapa Kenya. Aliidai mbele ya serikali ya chama chake mwenyewe. Nataka kumsifu kwa usiku ule. Nataka pia kuonyesha sifa hiyo inafika wapi na inakomea wapi, maana sifa isiyo na mpaka ni kujipendekeza tu.

Tuanze Hola kwenyewe.

Kufikia mwanzo wa 1959 hali ya hatari, Emajensi kama wazee wetu walivyoiita, ilikuwa imepita miaka sita tangu itangazwe Oktoba 1952. Maelfu kwa maelfu ya watu, wengi wao Wakikuyu, Waembu na Wameru, walikuwa wamepitishwa katika mlolongo wa kambi za kizuizini. Aliyekubali kukiri kiapo na kushika jembe alisogezwa kambi kwa kambi kuelekea nyumbani. Aliyekataa alisukumwa mbali zaidi. Hola, kule kwenye joto la mto Tana, katika nchi ya Waorma na Wapokomo, ndiko walikoishia wale ambao serikali iliwaita sugu. Palikuwa na mradi wa kilimo cha umwagiliaji, na serikali ilitaka wafanye kazi hapo. Wao wakasema hapana. Walijihesabu kuwa wafungwa wa kisiasa, na mfungwa wa kisiasa halazimishwi kulima.

Ofisa mmoja mkubwa wa magereza, John Cowan, akaandika mpango wa kuwalazimisha. Watatolewa nje, wataamriwa kufanya kazi, na wakikataa watatiwa nguvuni na kusukumwa hadi wafanye. Mpango huo haukukaa kwenye droo ya Cowan. Ulipanda ngazi mpaka Nairobi. Kamishna wa Magereza aliuambatanisha na onyo kwamba katika kutumia nguvu namna ile mtu angeweza kuumia, hata kufa, akaomba mwongozo wa wakubwa. Wakubwa walikuwa waziri wa serikali ya kikoloni aliyeshughulikia ulinzi na mwenzake wa mambo ya Waafrika. Mpango ukapata baraka. Kumbuka ngazi hiyo, kwa sababu hotuba nzima ya Powell ilijengwa juu yake.

Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa zaidi ya themanini walitolewa wakapelekwa shambani chini ya walinzi wenye marungu. Kilichofuata kilikuwa kipigo. Jioni watu 10 walikuwa wamekufa, na wa 11 akafuata. Wengine wengi walibaki na majeraha ya kudumu. Miaka mingi baadaye Wambugu wa Nyingi, mmoja wa walionusurika, alieleza katika ushahidi wake kwenye Mahakama Kuu ya London jinsi alivyopigwa siku ile mpaka akazimia, akalazwa pamoja na maiti kwa kudhaniwa naye amekufa.

Na serikali ikasemaje? Taarifa rasmi ya kwanza kutoka Nairobi ilisema watu hao walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Maji, ndugu msomaji. Uchunguzi wa vifo ulipofanywa na hakimu kutoka Mombasa, W. H. Goudie, ukweli ukawekwa mezani: walikufa kwa mshtuko na kuvuja damu kulikotokana na kupigwa. Hata hivyo hakuna aliyeshtakiwa kwa vifo vile. Mkuu wa kambi, Michael Sullivan, alistaafishwa. Basi, ikaisha hapo.

Ingeisha hapo kweli, kama si kwamba habari ilikuwa imeshavuka bahari. Wabunge wa chama cha Labour, Barbara Castle akiwa mbele yao, walikuwa wameisumbua serikali kuhusu Kenya kwa miaka. Juni 1959 waliileta Hola bungeni, na serikali ikajilinda kwa wingi wa kura zake. Waziri wa Makoloni, Alan Lennox-Boyd, alikuwa tayari kujiuzulu, lakini Waziri Mkuu Harold Macmillan hakutaka kusikia neno hilo. Uchaguzi ulikuwa unabisha hodi. Chama kilihitaji utulivu. Kila Mhafidhina mwenye akili alijua kazi yake: kukaa kimya, kupiga kura, na kwenda likizo.

Sasa huyu Powell alikuwa nani?

Alizaliwa Birmingham mwaka 1912, mwana wa walimu. Alikuwa na kichwa cha ajabu. Akiwa na miaka 25 tayari alikuwa profesa wa Kigiriki katika Chuo Kikuu cha Sydney, Australia. Vita vya pili vilipoanza alirudi Uingereza akajiandikisha kama askari wa kawaida, na vita vilipomalizika alikuwa brigedia. Alitumwa India, akaipenda, akajifunza Kiurdu, akaota kuwa siku moja atakuwa mwakilishi wa Mfalme kule. India ilipopata uhuru 1947 ndoto hiyo ilikufa, na yeye, tofauti na wenzake wengi, alikubali polepole kwamba himaya yenyewe imekufa nayo. Mwaka 1950 akaingia Bunge la Makabwela kwa kiti cha Wolverhampton Kusini Magharibi.

Uhafidhina wake ulikuwa wa kweli, haukuwa koti la kuvaa wakati wa kampeni. Aliamini ufalme, kanisa, Bunge, na taifa lenye mizizi. Aliamini serikali isitumie pesa isizokuwa nazo: Januari 1958 yeye na wenzake wawili wa wizara ya fedha, Peter Thorneycroft na Nigel Birch, walijiuzulu pamoja kwa sababu baraza la mawaziri lilikataa kubana matumizi walivyotaka. Wakati huohuo alipinga adhabu ya kifo. Baadaye, alipokuwa waziri wa afya kuanzia 1960 hadi 1963, alitangaza mpango mkubwa wa miaka kumi wa kujenga hospitali, na akasema waziwazi kwamba yale majumba makubwa walikofungiwa wagonjwa wa akili yalipaswa kuondoka. Ukimtazama hivi unaona mtu mwenye tabia moja: akishika kanuni, anaifuata hadi mwisho wa barabara, hata kama barabara inapita uani kwa rafiki zake.

Usiku ule wa Julai mjadala wa Hola ulianza watu wengine wakiwa wameshalala. Powell alisimama kama saa saba na robo. Katika mijadala hiyo Mhafidhina mwenzake mmoja alikuwa amewaita waliouawa viumbe walio chini ya ubinadamu. Mtetezi wa kawaida angeanza kwa kulia, angesema walikuwa baba za watu, wapigania uhuru, mashujaa. Powell hakufanya hivyo. Alikubali kwamba watu hao 11 walikuwa wa chini kabisa. Halafu akasema: haya, iwe hivyo, lakini hilo linahusiana vipi na wajibu wa kifo chao? Akaeleza kuwa ni fundisho la kutisha binadamu kukaa kumhukumu binadamu mwenzake, kisha kusema kwamba kwa kuwa huyu alikuwa mtu wa namna fulani, basi yale yanayopaswa kufuata baada ya mtu kuuawa yasifuate.

Hiyo ndiyo Mgala muue na haki yake mpe, imesemwa kwa Kiingereza na mtu ambaye yawezekana hakuwahi kuisikia.

Kutoka hapo akapanda ngazi. Akauchukua mpango wa Cowan akaufuata ofisi kwa ofisi. Nani aliuandika? Nani aliuona? Nani alionywa kwamba mtu anaweza kufa, na akautia baraka zake? Alikataa kata kata lawama ishie kwa mkuu wa kambi na maofisa wa chini. Hakumtaka Lennox-Boyd ajiuzulu. Alimsihi ahakikishe kwamba wajibu unabebwa na wale uliowaangukia, kule juu serikalini Nairobi. Kwa waliosema kwamba Afrika ni Afrika, na mambo yake hayapimwi kwa mizani ya London, alijibu kuwa Uingereza haiwezi kuwa na kipimo cha Kiafrika kwa Afrika, cha Kiasia kwa Asia, na cha Kiingereza kwa nyumbani. Kipimo ni kimoja au hakuna.

Denis Healey, mbunge wa Labour ambaye kwa siasa alikuwa mbali na Powell kama Lamu ilivyo mbali na Busia, baadaye alisema hiyo ndiyo hotuba kubwa kupita zote alizowahi kuzisikia bungeni.

Je, ilibadili nini? Usiku ule, hakuna. Serikali haikuanguka, na Oktoba 1959 Wahafidhina walishinda uchaguzi kwa urahisi. Lakini Lennox-Boyd aliondoka, na nafasi yake ikachukuliwa na Iain Macleod, rafiki wa Powell tangu waingie bungeni pamoja 1950. Macleod baadaye alisema Hola ndiyo iliyomthibitishia kwamba njia za zamani haziwezi kuendelea. Januari 1960 hali ya hatari ikaondolewa, na mwezi huohuo viongozi wa Kenya wakaketi Lancaster House. Sisemi hotuba moja ilileta uhuru. Uhuru uliletwa na waliokufa msituni, kambini na vijijini, na waliogoma na kuandamana mijini. Nasema tu kwamba baada ya Hola, na baada ya Mhafidhina kuisema Hola vile, ilikuwa vigumu sana kwa Wahafidhina wengine kujifanya kwamba kelele zote ni za upinzani.

Hapa najua msomaji ana swali. Kwani huyu bwana aliwapenda Wakenya? La. Hoja yake ilikuwa heshima ya Uingereza. Alihofia jina la Waingereza litachafuka, na pale alipowaelezea wafu alikubali tusi. Sasa hiyo ni sifa gani ya kumpa?

Mimi naona hapo ndipo sifa inapostahili zaidi. Mbunge anayempenda mtu akamtetea amefanya jambo zuri, lakini ni jambo la kawaida. Hata mwizi ana mama wa kumtetea. Haki inayotegemea kupendwa si haki, ni upendeleo, na upendeleo huisha siku mapenzi yanapoisha. Wafungwa wa Hola hawakuwa na mtu wa kuwapenda katika viti vya serikali kule London. Walichohitaji ni mtu wa kusema kwamba hata asiyependwa hauawi bila mwenye amri kujibu. Powell alilisema hilo wakati lina gharama: karibu na uchaguzi, dhidi ya watu wake, kwa ajili ya watu wasio na kura ya kumlipa. Sisi wenyewe tunajua bei ya kura ya namna hiyo. Juni 1975, ripoti ya kamati ya Bunge juu ya mauaji ya J. M. Kariuki ilipofika mbele ya wabunge, Masinde Muliro alikuwa waziri. Alipiga kura upande wa ripoti, akafutwa kazi, pamoja na mawaziri wadogo wawili waliofanya kama yeye. J. M. mwenyewe alikuwa amepitia kambi za Emajensi na kuandika kitabu juu yake. Mbunge wetu husifiwa kwa basari na madarasa na vyoo vya shule, na si vibaya; watoto wasome. Lakini madarasa yanajengwa kwa kodi yetu. Kura kama ya Muliro aliilipia mwenyewe.

Ndiyo sababu sikubaliani na wanaoitupa hotuba ya Hola kwa sababu ya yaliyokuja baadaye. Lakini pia siwezi kusimamisha hadithi mwaka 1959, kwa sababu yaliyokuja baadaye yalianzia hapa hapa Nairobi.

Kenya ilipopata uhuru, wakazi wenye asili ya Asia walipewa miaka miwili kuomba uraia. Wengi hawakuomba, au maombi yao yalichelewa kwenye meza za ofisi. Mkononi walikuwa na pasipoti za Uingereza. Mwaka 1967 serikali ya Mzee Kenyatta ilipitisha sheria za uhamiaji na leseni za biashara zilizowabana wasio raia, na maduka yakaanza kufungwa. Mwanzoni mwa 1968 ndege zilikuwa zinajaa watu kuelekea London. Lawama ya hilo ni yetu kwanza, tusiifiche.

Uingereza ilifanyaje na watu wake hao wenye pasipoti zake? Serikali ya Labour ilipitisha sheria kwa haraka ya siku chache, ikaanza kutumika tarehe 1 Machi 1968: mwenye pasipoti lakini asiye na mzazi au babu wa Uingereza, mlango umewekewa kizuizi. Powell alikuwa mmoja wa walioupiga mlango huo mpaka ukafungwa. Februari hiyo, huko Walsall, alihutubia juu ya Waasia wa Kenya akitaka wazuiwe. Kisha tarehe 20 Aprili, katika hoteli mjini Birmingham, akatoa ile hotuba ya mito na damu, akitabiri maangamizi kwa sababu ya wahamiaji na akiupinga mswada wa kuzuia ubaguzi wa rangi. Kesho yake kiongozi wa chama, Edward Heath, akamtoa katika baraza lake kivuli. Wafanyakazi wa bandarini wakaandamana kumuunga mkono, barua za kumpongeza zikamfikia kwa maelfu, na watu weusi na Waasia wa Uingereza wakaanza kutembea wakitazama nyuma.

Wapo wanaosema Powell wa 1959 na Powell wa 1968 ni watu wawili. Wengine wanasema ni mmoja, na kwamba usiku ule wa Hola alikuwa anajisemea tu kuhusu Uingereza. Mimi nadhani alikuwa mtu mmoja aliyeivunja sheria yake mwenyewe. Hola alisema serikali haiwezi kuukimbia wajibu wake kwa kisingizio cha mahali au cha aina ya watu. Sasa pasipoti ni nini kama si neno la serikali, limepigwa mhuri? Mwalimu wa Nakuru au fundi wa Kisumu aliyeshika kile kitabu cha bluu alikuwa ameshika ahadi ya Uingereza. Kwa kipimo cha saa saba usiku, ahadi ile ilipaswa kutimizwa hata kwa mtu ambaye Powell hakutaka awe jirani yake. Mgala wa safari hii alikuwa amefika mlangoni kwake, na hapo ndipo methali ilipomshinda. Ni rahisi kumpa Mgala haki yake akiwa mbali kule Tana.

Aliyesimama na kile kipimo 1968 alikuwa Macleod. Yeye na Powell walikuwa wameshirikiana mengi. Oktoba 1963 wote wawili walikataa kutumikia serikali ya Alec Douglas-Home. Lakini sheria ya Waasia wa Kenya ilipoletwa, Macleod aliipigia kura ya kuipinga, akisema watu hao walipewa ahadi. Ni Mhafidhina vilevile. Alikuwa Waziri wa Makoloni, aliijua Kenya, na alijua nani aliahidi nini. Baada ya hotuba ya Birmingham urafiki wao ulikufa. Tukitafuta Mhafidhina wa kusifiwa bila kukunja uso, Macleod anatutosha. Lakini kipimo tunachomsifia nacho, kile cha kukataa kubagua watu katika wajibu, aliyekitamka kwa ukali wake wote ni Powell. Mmoja alikitamka, mwingine akakitumia pale mtamkaji alipokitupa.

Powell aliendelea bungeni hadi 1987, miaka ya mwisho akiwakilisha South Down, Ireland ya Kaskazini, akafariki Februari 1998. Sifa zake zimegawanyika hadi leo. Wanaomwabudu huitaja Hola kama cheti cha kuonyesha kwamba hakuwa mbaguzi. Wanaomchukia huiruka. Wote wanafanya kosa moja: wanadhani rekodi ya mbunge ni picha, kwamba lazima itoke uso mmoja, mzuri au mbaya. Rekodi ya mbunge iko katika Hansadi, na Hansadi ni daftari kama la duka. Kuna kilichoingia na kuna kilichotoka. Huwezi kuuchana ukurasa mmoja ili hesabu ipendeze.

Na kuna ukurasa ambao bado haujafungwa. Tarehe 6 Juni 2013, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, William Hague, Mhafidhina naye, alisimama katika Bunge lilelile. Alikiri kwamba Wakenya waliteswa chini ya utawala wa kikoloni, akasema serikali inasikitika kwa dhati, na akatangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Mwaka 2015 mnara wa kumbukumbu ukazinduliwa Uhuru Park. Lakini katika taarifa hiyohiyo Hague alisema kwamba serikali yake bado inakana kuwajibika kisheria kwa matendo ya utawala wa kikoloni. Masikitiko, ndiyo. Pesa, ndiyo. Wajibu, hapana. Hicho walichokikana 2013 ndicho hasa Powell alichokidai 1959. Alitaka ngazi ipandwe mpaka mwisho. Miaka 54 baadaye chama chake kilikuwa bado kimesimama kwenye kidato cha katikati.

Kwetu nako ngazi hizo zipo nyingi. Askari anapoua mwandamanaji, lawama humtafuta koplo. Kituo kizima hakikumbuki nani alitoa amri, na waziri anatoa pole. Ukisikia mheshimiwa wako anasifiwa jukwaani kwa rekodi yake, nenda kwenye Hansadi, iko wazi kwa kila mtu, utafute siku moja tu: siku upande wake ulipoua au kuiba au kudanganya, na waliodhulumiwa walikuwa watu ambao wapiga kura wake hawawapendi. Tazama alisema nini siku hiyo, na alimtaja nani kwa cheo. Kama alikuwa kimya, madarasa yake yahesabiwe kwa idadi ya matofali, tusiyaite ushujaa. Kama alisema, msifuni, hata kama mengine yake hayawapendezi. Mpeni haki yake, na daftari libaki wazi.